Henri Dunant: Alifuata kibali cha biashara, akakuta majeruhi

Mwezi Juni mwaka 1859, mfanyabiashara mmoja wa Geneva, Uswisi, alifunga safari kwenda kaskazini mwa Italia akiwa na mkoba uliojaa nyaraka. Jina lake Henri Dunant, umri wake miaka 31. Tatizo lililomtoa nyumbani ni lile linalomkera kila mfanyabiashara aliyewahi kukaa mpakani akisubiri muhuri: fedha za watu zimeshaingia kwenye mradi, ahadi zimeshatolewa, lakini kibali hakitoki. Maofisa walikuwa wamempiga danadana kwa muda mrefu. Akaamua kuwaruka wote na kumfuata mkubwa wao, Kaisari Napoleon wa Tatu wa Ufaransa, ambaye wakati huo alikuwa vitani Italia.

Kibali hakukipata. Lakini alichokikuta njiani ndicho kilichozaa Msalaba Mwekundu, ambao magari yake meupe na fulana za watu wake wa kujitolea tunaziona leo kuanzia Goma na Bujumbura hadi Kigoma na Busia. Watu wengi wanaijua alama. Wachache wanajua kwamba mwenye wazo lile alikuwa mfanyabiashara wa kuvuka mipaka, aliyekusanya mitaji ya watu, akapanda, akaanguka, na akafa akiwa bado anadaiwa.

Nyumba iliyomlea

Dunant alizaliwa Geneva tarehe 8 Mei 1828 katika familia yenye uwezo na yenye kushika dini. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyetenga muda wa kusaidia yatima na wafungwa waliomaliza vifungo. Mama yake aliwahudumia maskini na wagonjwa. Kijana akakua akiona kwamba biashara na huruma vinaweza kukaa nyumba moja. Alipofika umri wa miaka 18 alijiunga na chama cha kutoa sadaka, na muda wake wa mapumziko aliutumia kuwatembelea wafungwa na watu wasiojiweza. Mwaka 1852 alianzisha pamoja na wenzake tawi la Geneva la chama cha vijana wa Kikristo, YMCA.

Shuleni hakung'ara. Aliondoka na alama mbaya akiwa na miaka 21, akaingia kwenye benki moja kujifunza kazi. Huko alionekana kuwa kijana mwenye bidii na ulimi wa kushawishi, na mwaka 1853 alisafiri hadi Algeria, Tunisia na Sicily kwa shughuli za kampuni ya Geneva iliyopewa mashamba katika eneo la Sétif, Algeria.

Kinu kilichokosa maji

Algeria ya wakati ule ilikuwa mikononi mwa Ufaransa tangu uvamizi wa mwaka 1830. Ardhi nzuri ilikuwa ikichukuliwa kutoka kwa wenyeji na kugawiwa walowezi na makampuni ya Ulaya. Dunant naye aliingia katika mgao huo. Alichokiona yeye ni ngano: nchi inalima, watu wanahitaji unga, basi anayemiliki kinu cha kusaga atapata faida kutoka pande zote mbili.

Mwaka 1858 akaunda kampuni ya vinu vya Mons-Djémila. Walionunua hisa ni pamoja na ndugu na marafiki zake wa Geneva, watu waliomwamini kwa sababu ya jina la familia na kwa sababu walimjua kuwa mcha Mungu. Mtaji ulipatikana. Kilichokosekana ni ardhi ya kutosha na haki ya kutumia maji, na serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kuvitoa. Kinu kisicho na maji ni mzigo, na kila mwezi unaopita wanahisa wanataka kusikia habari njema.

Hapo ndipo alipopata wazo la kumfuata Kaisari. Aliandika hata kitabu cha kumsifu mtawala huyo, akakusudia kumkabidhi mwenyewe pamoja na maombi yake. Ni mbinu inayojulikana hata leo: kwanza mpambe mkubwa, kisha omba.

Jioni ya Castiglione

Tarehe 24 Juni 1859 majeshi ya Ufaransa na Sardinia-Piedmont yalipambana na jeshi la Austria karibu na kijiji cha Solferino. Askari wapatao 300,000 walipigana tangu alfajiri hadi jua kuzama. Ilipoisha siku, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea walifikia takriban 40,000. Dunant aliwasili jioni hiyo katika mji wa jirani, Castiglione delle Stiviere, akiwa amevaa suti nyeupe ya safari.

Katika siku zilizofuata majeruhi kwa maelfu waliletwa mjini humo kwa mikokoteni, kwa nyumbu na mabegani mwa wenzao. Makanisa yakajaa, nyumba zikajaa, na wengine wakalazwa barabarani juu ya majani makavu. Madaktari walikuwa wachache mno. Chakula kilikuwapo na maji yalikuwapo, lakini hapakuwa na mikono ya kuyafikisha. Watu walikufa kwa kiu wakati kisima kiko hatua chache kutoka walipolala.

Mtu mwenye mkoba wa nyaraka angeweza kugeuza gari lake la farasi. Hakuwa daktari, hakuwa askari, wala nchi yake haikuwa vitani. Dunant aliuweka mkoba pembeni. Alianza katika kanisa kubwa la mji, ambako majeruhi wapatao 500 walikuwa wamebanana sakafuni, na akafanya kile ambacho mfanyabiashara anakijua vizuri kuliko daktari: kupanga watu na kutafuta bidhaa. Aliwagawa kina mama na wasichana katika makundi, hawa wa maji, hawa wa kuosha vidonda, hawa wa chakula. Watoto wakabeba ndoo kutoka visimani. Dereva wake akamtuma mji wa Brescia kununua malimau, sukari, mashati, sponji na tumbaku, vyote kwa fedha zake mwenyewe. Watalii waliokuwa wakipita wakaingizwa kazini, na mfanyabiashara mwingine kutoka Neuchâtel, Uswisi, akaketi kuandika barua za mwisho za askari waliokuwa wakikata roho.

Kuna jambo moja katika siku zile ambalo halisisitizwi vya kutosha. Eneo la Lombardia lilikuwa limetawaliwa na Austria kwa miaka mingi, na wakazi wake walikuwa na sababu nyingi za kuwachukia Waaustria. Sasa Waaustria hao walikuwa wamelala sakafuni mwa kanisa lao, hawajiwezi. Wanawake wa Castiglione walipomwona Dunant akimnywesha maji kila mtu bila kuangalia rangi ya sare, nao wakafanya vivyo hivyo, wakisema kwamba wote ni ndugu. Hakuna aliyewaamuru. Ndani ya siku chache mji mzima ulikuwa umebadili namna ya kuwatazama watu uliowaogopa juzi.

Dunant pia alikwenda hadi kwenye makao ya jeshi la Ufaransa na kuomba madaktari wa Austria waliotekwa waachiwe ili wahudumie majeruhi. Ombi hilo lilikubaliwa. Ombi la kinu na maji halikumfikisha popote. Alirudi Geneva bila kibali.

Nakala 1,600

Mambo yale hayakumtoka kichwani. Kwa muda mrefu alijaribu kurudi kwenye hesabu zake, lakini mwishowe akakaa na kuandika. Mwaka 1862 alichapisha kwa gharama zake nakala 1,600 za kitabu kuhusu Solferino, akazituma kwa watawala, majenerali na watu mashuhuri wa Ulaya. Sehemu kubwa ya kitabu ni masimulizi ya alichokiona. Sehemu ya mwisho ina mapendekezo mawili ya mtu wa vitendo. La kwanza, kila nchi iwe na chama cha watu wa kujitolea waliofundishwa wakati wa amani, ili vita vikija wasianze kutafutana. La pili, mataifa yakubaliane kwa maandishi kwamba majeruhi na wanaowahudumia hawaguswi.

Mwanasheria wa Geneva, Gustave Moynier, aliusoma ujumbe huo na kuupeleka kwenye chama cha ustawi wa jamii alichokiongoza. Tarehe 17 Februari 1863 watu watano walikutana kwa mara ya kwanza: Dunant, Moynier, Jenerali Guillaume-Henri Dufour, na madaktari Louis Appia na Théodore Maunoir. Kamati hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Tarehe 22 Agosti 1864 mataifa 12 yalitia saini Mkataba wa kwanza wa Geneva. Alama iliyochaguliwa ilikuwa msalaba mwekundu juu ya kitambaa cheupe. Baadaye ikaongezwa hilali nyekundu, inayotumika katika nchi nyingi za Kiislamu.

Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu safari ile ya kufuata kibali.

Anguko

Wakati Dunant akizunguka miji mikuu ya Ulaya kuhubiri wazo lake, kule Algeria mambo yalikuwa yakiharibika. Kinu hakikuwahi kusimama sawasawa kibiashara. Mwenye mali alikuwa safarini, daftari halisomwi, na hasara inazibwa kwa mkopo mpya. Mwaka 1867 benki moja ya Geneva aliyokuwa na uhusiano nayo ilianguka, na yeye akaanguka nayo. Madeni yake yalikaribia faranga milioni moja. Waliopoteza ni pamoja na jamaa na marafiki walioweka akiba zao kwa kumwamini.

Mahakama ya Geneva ilimlaumu kwa kuwapotosha wenzake katika shughuli za fedha. Katika mji ule wa mabenki na wacha Mungu, mufilisi hakuwa na pa kuketi. Mwaka 1867 aliondoka kwenye kamati aliyoiasisi, na akautoka mji aliozaliwa. Hakurudi tena hadi kufa. Moynier, ambaye walikwisha kutofautiana mapema kuhusu namna ya kuendesha kazi, alibaki kiongozi na hakutaka jina la mufilisi lihusishwe tena na Msalaba Mwekundu.

Dunant alikwenda Paris, kisha akahangaika katika miji mingine ya Ulaya. Kulikuwa na usiku aliolala kwenye vyumba vya kusubiria treni kwa sababu hakuwa na kodi ya chumba. Koti lilipochakaa alilipaka wino mweusi kuficha nyuzi zilizotoka, na kola ya shati akaipaka chaki ionekane nyeupe. Kipande cha mkate kilikuwa mlo. Hata hivyo Paris ilipozingirwa katika vita vya mwaka 1870 na 1871, mtu huyu asiye na kitu alionekana tena akihangaikia majeruhi.

Chumba namba 12

Mwaka 1887 aliishia Heiden, mji mdogo wa milimani mashariki mwa Uswisi, unaotazama Ziwa Constance. Alikuwa mgonjwa, na miaka 59 yake ilionekana kama 80. Daktari wa mji, Hermann Altherr, alimpokea. Kuanzia mwaka 1892 akapewa chumba namba 12 katika hospitali ya hapo, na hakuhama tena.

Tungependa kusema kwamba huko alipata utulivu wa moyo. Ukweli ni mzito zaidi. Aliishi kwa hofu ya wadai, akiamini bado wanamwinda. Alishuku hata marafiki waliomsaidia. Zilikuwapo siku alizomtaka mpishi aonje chakula mbele yake kwanza, akiogopa sumu. Kinyongo dhidi ya Moynier hakikumtoka. Mtu aliyeifundisha dunia kumhudumia adui alishindwa kumsamehe mwenzake wa zamani.

Mwaka 1895 mwandishi wa habari Georg Baumberger alimtembelea na kuandika kwamba mwasisi wa Msalaba Mwekundu yuko hai, amesahaulika. Ulaya ikashtuka. Barua, zawadi na misaada vikaanza kumiminika Heiden. Mwaka 1901, Tuzo ya Amani ya Nobel ilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa, Dunant aliipata pamoja na Mfaransa Frédéric Passy. Fedha zake ziliwekwa benki nchini Norway ili wadai wasizikamate.

Hakuzitumia. Aliendelea kuishi katika chumba kile kile hadi alipofariki tarehe 30 Oktoba 1910, akiwa na miaka 82. Alikuwa ameagiza azikwe bila sherehe, na ikawa hivyo, huko Zürich. Katika wosia wake aliacha fedha kwa waliomhudumia na kwa mashirika ya hisani ya Norway na Uswisi. Pia alilipia kitanda cha bure katika hospitali ya Heiden kwa ajili ya mgonjwa maskini wa eneo lile. Aliyelala stesheni alihakikisha mwingine ana pa kulala. Madeni ya Geneva hayakumalizika.

Hesabu mbili za mtu mmoja

Kwa msomaji anayeishi kwa kununua huku na kuuza kule, maisha haya yana mambo ya kuchukua nyumbani.

La kwanza ni kuhusu jicho. Dunant alikwenda Italia akiwaona watu kama milango ya kupitia: huyu ana muhuri, yule ana mamlaka. Siku chache za Castiglione zilimfundisha kumwona mtu kabla ya kuona sare yake. Mpakani somo hili halihitaji vita. Uhusiano wa nchi mbili ukiyumba, wa kwanza kuitwa mgeni ni mama aliyeweka ndizi zake chini upande wa pili. Siku hiyo atahitaji mwenzake wa sokoni anayemjua kwa jina lake na kwa bei yake nzuri, wala hajali kitambulisho chake kimetoka wapi. Urafiki huo hujengwa wakati wa amani, kama alivyopendekeza Dunant kuhusu watu wa kujitolea.

La pili ni kwamba wema hutumia ujuzi ulio nao. Yeye hakujua kushona kidonda. Alijua kununua, kupanga na kugawa. Dereva wa lori, wakala wa forodha, mwenye duka la simu, kila mmoja ana kitu anachokifanya kwa urahisi ambacho kwa mtu aliyekwama ni ukombozi. Kumsomea fomu mzee asiyejua kusoma ni kazi ya dakika tano.

La tatu ni gumu. Wema wa Dunant haukulipa madeni yake, na haukupaswa kutumika kama kisingizio. Ndugu zake waliopoteza akiba hawakufarijiwa na mkataba wa mataifa 12. Mwenye kushika fedha za kikundi, iwe VICOBA, chama au upatu wa sokoni, hawezi kusema hesabu zimepotea kwa sababu alikuwa akiwasaidia watu. Hesabu ya wema na hesabu ya madeni ni daftari mbili, na kila moja hufungwa kwa kalamu yake. Laiti Dunant angekubali mapema kwamba kinu kimeshindwa, akawaeleza wanahisa, hasara ingekuwa ndogo kuliko ile ya mwaka 1867.

La nne ni kuhusu furaha. Tuzo kubwa kuliko zote ilimkuta akiwa na kinyongo na hofu, na fedha zake hazikuviondoa. Kilichomfikisha umri wa miaka 82 ni watu wa mji mdogo: daktari aliyempokea bila kuuliza historia, wauguzi waliobadilisha shuka, mpishi aliyekubali kuonja chakula bila kukasirika. Majina yao hayamo kwenye mikataba. Bila wao, mwasisi wa Msalaba Mwekundu angekufa barabarani.

Kazi yake iliendelea bila yeye. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, wajumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walibaki Kigali na kuendesha hospitali huku risasi zikivuma. Baada ya hapo, katika kambi za eneo letu, ni watu wa Msalaba Mwekundu waliohangaika kuwakutanisha watoto na wazazi waliopotezana walipokuwa wakivuka mipaka. Baadhi ya watoto hao leo ni watu wazima, na hapana shaka wamo wanaofanya biashara katika mipaka hiyo hiyo.

Kila tarehe 8 Mei, siku aliyozaliwa Dunant, huadhimishwa duniani kuwa Siku ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu. Matawi katika nchi zetu huchangisha damu na kufundisha huduma ya kwanza. Ukipita siku hiyo na mzigo wako na ukaona hema lao, simama kidogo ujifunze namna ya kuzuia damu isitoke. Barabara za malori tunazozitumia zina ajali nyingi, na mara nyingi wa kwanza kufika kwa majeruhi ni mfanyabiashara aliyekuwa akiwahi soko.